Jani Lina Ugali: Bi. Mishi Nurdini Anatuaga

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Mishi Nurdini Khamisi, afisa ugani wetu, anastaafu baada ya kuwatumikia wakulima wa mkoa huu kwa miaka thelathini na sita. Mwenyekiti alilitangaza jambo hilo mkutanoni, kwenye banda la mizani tunapopimia zabibu. Mama Rukaya, aliyekuwa akimenya karanga, alibaki na ganda mkononi. Mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Anastaafu vipi, na zabibu bado hazijaiva?" Hakuna aliyecheka. Wengi wetu tulikuwa tukijiuliza hivyo hivyo.

Katibu wa Ushirika wetu wa Zabibu Tuinuke, Bi. Asma, ameniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya kijitabu cha sherehe kwa kuwa nasaidia ofisini tangu nilipomaliza kidato cha sita, na kwa kuwa nilisoma baiolojia. Sababu nyingine hakuisema, lakini kila mtu anaijua. Shamba lililompa Bi. Mishi mshtuko mkubwa kuliko yote katika kazi yake ni la babu yangu, Mzee Swalihu.

Bi. Mishi alizaliwa milimani Kondoa, katika nyumba ya wakulima wa ulezi. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Haneti, Julai 1989. Wakulima walikuwa wameambiwa wampokee bwana shamba mpya. Lori liliposimama akashuka binti mwembamba aliyejitanda mtandio, na wenyeji wakaendelea kuchungulia nyuma ya lori wakimngoja bwana shamba ashuke. Alingoja nao kidogo, kisha akasema, "Nimekwisha kushuka." Mpaka leo wapo wazee wa Haneti wanaomwita Bwana Shamba, naye huitika.

Mwaka 2004 alihamishiwa kwetu, upande wa Mpunguzi, kwenye zabibu. Alikuja na pikipiki nyekundu ambayo mlio wake ulitufikia kabla ya vumbi lake. Watoto walikimbia kumwamkia, na yeye aliitikia marahaba huku macho yake yako kwenye mzabibu, amekwisha kugeuza jani kutazama upande wa chini. Babu alikuwa akilalamika, "Mimi nakukaribisha, wewe unasalimiana na majani!" Basi akampa jina la Bibi Majani, na jina likamshika.

Sasa niseme habari ya Agosti 2017. Nilikuwa darasa la sita, na mengine niliyaona kwa macho yangu.

Mwanzoni mwa mwezi huo Bi. Mishi alifanya mkutano mfupi na wakulima. Alikuwa na haraka, kwani kijiji kingine kilikuwa kikimngoja. Aliwaambia kwamba zabibu zinakaribia kuiva, kwamba jua ndilo linalotia sukari, na kwamba wapunguze majani yanayofunika vichala. Akapanda pikipiki akaondoka. Babu alirudi nyumbani akiwaza. Kama kupunguza majani machache kunaleta utamu, alisema, basi kuyaondoa yote kutaleta asali. Akatuita wajukuu wote. Tulifanya kazi hiyo kwa furaha, na tulipomaliza hapakuwa na jani hata moja katika shamba zima. Palikuwa na nguzo, waya, matawi na vichala vinavyong'aa. Lilikuwa shamba zuri mno kwa macho. Majirani walikuja kulitazama, wakapanga wasaidiane: kesho yake wangeanza kwa Yahaya, kisha kwa Mama Rukaya, kisha mashamba mengine yote ya bonde letu.

Jioni ile ile Bi. Mishi alipita. Alizima pikipiki, akavua kofia ngumu, akasimama. Alishika nguzo ya kwanza. Babu alimwendea kwa furaha.

"Karibu, Bibi Majani! Umeona jua linavyoingia?"

"Mzee Swalihu," alisema kwa sauti ndogo, "majani yako wapi?"

"Mbuzi wanayamalizia."

Bi. Mishi aliketi chini, pale pale kwenye udongo, na sketi yake ya kazini iliyopigwa pasi. Hakuwahi kuketi chini mbele yetu. Babu alicheka, kisha akaacha kucheka. Ndipo alipomwambia, bila kujua anachokisema, kwamba kesho ni zamu ya Yahaya.

Bi. Mishi alisimama kwa kasi niliyoishangaa. Kabla jua halijazama wakulima walikuwa wameitwa kwenye banda la mizani. Aliwaambia wasiguse majani, na wao wakashtuka kuliko yeye. Yahaya, ambaye hajawahi kumwogopa mtu, alisimama mbele yao wote.

"Juzi ulisema jua. Leo unasema jani. Wiki ijayo utatuambia mwezi?"

Watu wakacheka. Mwingine akasema kwamba kama kuna mtu wa kulaumiwa ni Mzee Swalihu, mzee wa shamba uchi, aliyesikia jambo moja akafanya kumi. Wakacheka tena. Babu alikuwa ameketi kwenye kreti lililopinduliwa, kichwa amekiinamisha.

"Msimcheke," Bi. Mishi alisema. "Mimi niliwaambia nusu ya neno, nikaondoka. Yeye alilifuata neno langu. Kosa ni langu."

Sisi tulizoea kusikia kwamba mkulima ndiye hakuelewa, hakufuata maelekezo, hakuhudhuria semina. Afisa kusema kosa ni lake, mbele ya watu, hilo hatukuwahi kulisikia. Babu aliinua kichwa.

Kisha Bi. Mishi akawaomba jambo moja. Kila mmoja avue majani mzabibu mmoja tu, ule anaoutaka, na mingine aiache mpaka wakati wa kuvuna. Kama amesema uongo watamjua kwa ndimi zao. Wakati huo huo aliomba siku mbili awaonyeshe kitu. Yahaya alikubali shingo upande, akamwambia shamba lake litatumika ili asiweze kudanganya. Bi. Mishi akaenda huko, akachagua majani mabichi yasiyo na kovu, akayafunga kiunoni kila moja kwa kipande cha karatasi ile inayong'aa ya kufungia chakula, isiyopitisha mwanga.

Siku ya tatu mchana alirudi na jiko la mkaa, sufuria, chupa ya spiriti na kichupa cha ayodini. Akamwomba Bi. Asma tonge la ugali. Watu walidhani ana njaa. Aliliweka tonge kwenye sahani akalidondoshea ayodini, ambayo ni ya rangi ya kahawia kama chai ya rangi. Tonge likageuka hapo hapo, likawa jeusi lenye buluu, kama kaniki. Mama Rukaya akarudi nyuma hatua nzima. Bi. Mishi akaeleza kwamba ayodini ikikutana na wanga hubadilika hivyo, na isipoukuta hubaki na rangi yake.

Akachuma majani ya Yahaya, akaondoa zile karatasi, akayachovya kwenye maji yanayochemka. Halafu akayaweka ndani ya gilasi ya spiriti, na gilasi akaisimamisha kwenye maji ya moto, mbali na jiko, kwa kuwa spiriti hushika moto upesi. Kijani kilitoka taratibu kikaingia kwenye spiriti, na majani yakabaki meupe, mepesi kama karatasi iliyolowa. Akayasuuza, akayatandaza kwenye sahani ya pili, akadondosha ayodini.

Majani yakawa kaniki. Yakawa kaniki juu na chini, lakini katikati, pale palipofungwa karatasi, palibaki mkanda wa kahawia ulionyooka kama umechorwa kwa rula.

"Astaghfirullah," Mama Rukaya akasema. "Jani lina ugali!"

Yahaya alisogea akaligusa kwa kidole, akakitazama kidole, akaligusa tena. "Nani anaupika?" aliuliza, na safari hii hakuwa anatania.

Ndipo Bi. Mishi alipowapa nusu ya pili ya neno lake. Alisema jua ni moto, na moto peke yake haupiki kitu bila jiko na sufuria. Jani ndilo jiko na sufuria. Mizizi inaleta maji. Hewa inaingia kwenye jani kupitia matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Ile rangi ya kijani inaukamata mwanga, na kwa nguvu ya mwanga jani linaunganisha maji na hewa, linapata sukari. Nyingine linaiweka akiba kama wanga, nyingine inasafiri kwenye kikonyo mpaka kwenye kichala. Kichala kinakula kilichopikwa na jani. Ukipunguza majani machache, kichala kinapata hewa na mwanga na jiko linaendelea kuwaka. Ukiyaondoa yote, umefunga jiko huku wageni wameketi mezani.

Babu alisema polepole, "Basi mimi nimewalisha mbuzi jiko langu."

Hakuna shamba jingine lililovuliwa majani. Wakati wa mavuno kila mkulima alionja mzabibu wake mmoja, na nyuso zao zilitosha kuwa jibu. Zabibu zetu ziliungua na jua upande mmoja, na zilizosalimika zilikuwa chachu. Babu aliweka punje mdomoni, akafumba jicho moja, akaimeza. Msimu ule hatukuuza kitu. Lakini Bi. Mishi alifika shambani kwetu kila wiki, kuangalia umwagiliaji na kuyapa machipukizi nafasi, mpaka mizabibu ikavaa tena. Mwaka wa pili ilizaa kidogo, wa tatu ilizaa kama zamani.

Mafanikio yake mengine ni mengi na wanachama wanayajua: banda la kukaushia zabibu, kitalu cha miche, akina mama wanaosindika juisi. Tangu Agosti ile hajafungua mkutano wowote bila jani mkononi, na hajaondoka mkutanoni kabla mkulima mmoja hajasimama na kurudia maneno yake yote. Mara nyingi humchagua Yahaya.

Kidato cha tano mwalimu wetu alitufundisha usanisinuru, akatuambia kwamba sehemu kubwa ya uzito mkavu wa mti haikutoka kwenye udongo, imetoka hewani. Darasa zima lilipiga kelele kukataa. Jioni nilimpigia simu Bi. Mishi nimwulize kama ni kweli. Alicheka sana, akasema hata yeye, kwa miaka yote hiyo, akishika gogo la mzabibu bado anashtuka. Nilifurahi kujua kwamba mshtuko huu hauishi.

Bi. Mishi, Ushirika unakushukuru kwa kila bonde ulilolipita na pikipiki ile, na zaidi kwa siku uliyosimama bandani ukauchukua mzigo wa mwenzako. Zawadi yetu ni mche uliooteshwa kwa pingili ya mzabibu wa kwanza ambao babu aliuvua majani. Ameulea mwenyewe, na leo ataubeba mwenyewe mpaka mlangoni kwako Miyuji. Ametuma na masharti: mche unywe maji asubuhi, usikae kivulini, na wewe usiguse hata jani lake moja mpaka yeye aje kukuelekeza.

Kaa salama, Bibi Majani. Mungu akupe afya, mapumziko na zabibu tamu.