Vitabu vya Baba Yenu

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni, na wewe binti yangu funga hilo dirisha, kelele za gereji zisinimalize kabla ya wakati wangu. Nataka kusema mara moja, nikiwa na akili zangu timamu, na nisikatizwe.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, asije mtu wa ukoo akawaambia binti hana chake. Cherehani ni yake, kitinda mimba wangu, kwa sababu ndiye aliyekaa nami kushona mapazia ya watu mpaka miguu ikatuvimba. Hayo yamekwisha. Kinachonikaba ni ile rafu ya vitabu, na zaidi yake wewe, kifungua mimba wangu, uliyeegemea ukuta kama mtu anayesubiriwa mahali.

Rafu ya juu ni ya baba yenu. Mnakumbuka alivyokuwa msimamizi wa zamu kiwanda cha mablanketi, na mnakumbuka kilivyofungwa, mashine zikapakiwa kwenye malori huku yeye mwenyewe akisaidia kuzifunga kamba. Wenzake wengine walilia, wengine walilewa. Baba yenu alinunua vitabu. Vyote vilikuwa vya namna moja, jinsi ya kujiendeleza, jinsi ya kufanikiwa, jinsi ya kuwa mtu mpya, na hakuvisoma kama watu wanavyosoma, wakatikisa kichwa na kusahau. Kila alichoambiwa alikitenda. Aliambiwa aamke kabla ya jua, akaamka. Aliambiwa aandike anachokitaka na kukibandika kwenye kioo, nami nikawa nachana nywele mbele ya maneno "Mimi ni mshindi". Aliambiwa aanze na kidogo alicho nacho, akaanza kupika sabuni uani, mikono ikambabuka, na majirani wakanunua mara moja kwa huruma, wasirudi tena.

Mimi nilisoma vya rafu ya chini, hadithi tupu, vile vikuukuu vinavyotandazwa chini penye kituo cha mabasi, nikibana kurasa kwa mkasi huku nashona. Siku moja aliniuliza, bila ubaya wowote, kitabu kile kinanifundisha nini. Nikamjibu kwamba hakinifundishi kitu, kinanitoa tu humu ndani kidogo. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake akimwaga maji.

Sabuni ilipomshinda akasema amepata kazi. Akawa anatoka kila asubuhi na suruali iliyopigwa pasi, na jioni anarudi na uchovu wa mtu aliyefanya kazi. Nami nilishasoma hadithi ya mume wa namna hiyo hiyo, ndiyo maana sikudanganyika. Katika hadithi ile mke alimfuata mumewe, akamkuta bustanini, akaketi kando yake bila kumlaumu, wakala pamoja, mume akalia, wakarudi nyumbani wameshikana mikono. Nikafanya vivyo hivyo, wanangu. Nilimkuta kwenye benchi nyuma ya posta, nikaketi, nikafungua chakula, nikamwambia najua, na haidhuru.

Hakulia. Alikula vizuri, akajipangusa makombo, akasema, "Vitabu havina kosa, mke wangu. Vyote vinasema asiyefanikiwa ni yule ambaye hakutaka kwa moyo wake wote. Kosa liko kwangu." Kisha akanishukuru kwa chakula, akasema ana miadi, akaenda zake. Mimi nikabaki na vyombo.

Hakukaa sana baada ya hapo. Tulimkuta mchana, yuko kitini, kavaa viatu, tayari kutoka. Daktari alisema ni moyo. Na msibani baba yenu mdogo akachekesha watu akisema kwamba kaka yake alisoma kuliko wote na akafeli kuliko wote. Nimejaribu kumsamehe, sijaweza, wala sitawadanganya kwamba nimeweza.

Sasa wewe, mwanangu. Kampuni ya bima ilikuachisha kazi tangu mvua zilizopita, na bado unamuaga mkeo kila asubuhi na begi lako mkononi. Yeye ndiye aliyeniambia. Usimkasirikie, alikuwa analia. Na juzi ulipokuja kunitazama nilikusikia bafuni humu ukijisemesha mbele ya kioo, sauti ya baba yako tupu, nikajifunika uso kwa shuka. Miguu yangu haiwezi tena kumfuata mtu popote, na hata ilipoweza haikusaidia. Sina kitabu cha kukupa. Nimesoma maisha yangu yote, na ninachokijua hakitoshi kumtoa mtu mmoja pale alipo.

Ila hili nalijua. Kiwanda kilifungwa kwa sababu wenyewe walikiuza. Baba yako hakukifunga. Na alitaka kwa moyo wake wote. Mimi nilikuwa nalala kando ya moyo huo, nikiusikia. Lisemwe hilo nikiwa bado hai.

Vitabu vyake msivichome, wala msimpe mtu aliye na shida. Viacheni hapo hapo. Vyangu vichukueni, mvisome mkiwa hamna haraka, wala msitafute faida ndani yake... ngoja. Nipe maji. Asante, mama.

Mnizike karibu naye. Baba yenu mdogo asipewe nafasi ya kusema. Binti yangu, leo msindikize kaka yako mpaka kwake, na usiondoke mpaka amwambie mkewe kwa kinywa chake. Akikataa, nenda tena kesho. Akikataa kesho... sijui. Hapo sijui, binti yangu.

Mbona umefunga tai kuja kuniona mimi, mwanangu? Ifungue. Hakuna anayekusubiri, nami najua, na wewe unajua. Njoo ukae hapa kitandani. Radhi zangu mnazo, nyote wawili. Ukiwa na kazi, unazo. Ukiwa huna... unazo vile vile. Kaa basi. Kaa kidogo.