Ombi Limepokelewa

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Ifakara, jirani na mashine ya kukoboa mpunga. Asubuhi ile ya mwaka 1998 tulikuwa wanne kwenye benchi, na kahawa ilikuwa haipandi, maana jana yake tulikuwa Kiberege kumzika Devota, mke wa Gasper, mwenzetu wa kijiweni. Aliumwa na mbwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa ikakosekana, ikaombwa Dar kwa kompyuta ya mradi mmoja wa afya hapa mjini. Haikuja. Fundi wa kompyuta hiyo ni Tadei, naye alikuwa amekaa nasi.

Reli, mstaafu wa TAZARA, ndiye aliyeanza.

— Ni waya za simu. Nyani wa Mikumi wanazitafuna.

— Nyani gani, alisema Bwana Shamba. Chanjo ilifika. Wamechanjwa mbwa wa wakubwa.

— Au huko Dar hawajui kama Kiberege ipo, alisema Reli.

— Wanajua. Wanasubiri tupungue.

Tadei aliweka kikombe chini.

— Ombi halikutoka ofisini.

— Si Gasper aliona mwenyewe mashine imeandika limepokelewa? Reli aliuliza.

— Iliandika. Zamani ilikuwa inapiga simu Dar kwanza, ikimaliza kutuma ndiyo inajibu. Nusu saa nzima. Watu wakalalamika. Nikaipanga ijibu papo hapo, halafu kutuma kuendelee kwa nyuma.

— Sasa?

— Karani wa ofisi akiona jibu, anadhani kazi imekwisha. Anazima mashine, jenereta ipumzike, na ombi linabaki humo humo.

— Hukumwambia?

— Sikumwambia.

Bwana Shamba alisema polepole:

— Wiki tatu Devota kasubiri. Tungejua, tungempeleka Morogoro kwa basi akachanjwe.

— Gasper anajua? nikauliza.

— Nilimwambia jana makaburini. Akaniuliza kama nimekula.

Hapo akatokea mama mmoja, mtoto mgongoni, mguu wa mtoto umefungwa kitambaa.

— Shikamooni. Mimi Merina, natoka Idete. Ofisini pamefungwa, nimeambiwa fundi yuko hapa. Mwanangu aliumwa na mbwa juzi, wakaniambia ombi limepokelewa. Nisubiri mpaka lini?

Reli alisimama.

— Usisubiri, mwanangu. Basi la Morogoro halijaondoka. Panda sasa hivi.

Merina alitutazama mmoja mmoja.

— Kwani si wameshapokea?

Tadei alikuwa ameshabeba mfuko wake, anatangulia stendi.