Blanketi Lililoachia Mgongoni

Ndugu zangu, nimeombwa niwaeleze jinsi Mungu alivyonishika. Miguu imezeeka, mniruhusu niegemee benchi hili.

Tulipokimbia vita kwetu Mulekera, mimi na mkamwana wangu, tulifika hapa Butembo bila shamba, na baridi yenu ikatupokea vibaya. Dada mmoja wa kanisa hili akanifundisha kufuma mablanketi manene. Tulinunua sufu ya kondoo wa milima ya Lubero, tukaiosha, tukaichana, tukaivuta ikawa kamba nene kama mkono wa mtoto. Hatukuisokota. Tuliipitisha vitanzi kwa mikono mitupu, na blanketi likaumuka kama unga wa mandazi. Watu walilipenda sana. Wamama wengine waliokimbia kama mimi wakaja kujifunza, ua ukajaa, tukala, watoto wakarudi shuleni.

Kisha yakaanza malalamiko. Mteja mmoja akaja:

“Mama, blanketi yako iko natoka manyoya sawa kuku! Bwana yangu anaamuka na ndevu nyeupe!”

Tulicheka. “Ni mupya,” nikamwambia, “itaacha.” Haikuacha. Ilitoa hata vidonge vidonge vya sufu kila mahali. Mwingine alilitia lake katika beseni la maji ya moto na kulikanyaga kwa miguu, kama tunavyofua mablanketi yetu yote. Likatoka dogo, gumu.

“Donc, sasa nivalishe nayo mbuzi?” akaniuliza.

Nikaona ni maneno ya wateja tu. Ndugu zangu, nawaambia, Mungu huonya kwanza kwa sauti ndogo.

Mkamwana wangu akajifungua. Kwetu bibi ndiye anayeleta nguo ya mtoto, basi nikaleta blanketi langu zuri kuliko yote. Siku ya kumtoa mtoto nje kulikuwa na baridi. Mama yake akaacha kitenge, akamfunga mgongoni kwa blanketi lile, akalivuta kwa nguvu kifuani kama kila mama anavyofanya. Tulikuwa tunapanda kuja hapa kanisani, mimi nyuma yake. Nikaona sufu inarefuka penye fundo, inakuwa nyembamba, nyembamba, halafu ikaachia bila sauti. Mtoto akateleza. Nilimdaka penye kiuno cha mama yake. Mtoto hata hakuamka.

Mkamwana wangu alilia njiani pale. “Mama, hii ni blanketi ao ni mawingu? Hapana fuma tena.”

Sikufuma tena. Habari ilitembea mjini, wamama wakatawanyika, na mkamwana wangu hakunipa tena mtoto nimshike. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko njaa. Niliomba, nikaomba tena.

Mwenzangu mmoja wa kufuma akaja kunifariji. Mnatujua sisi wamama, hatufariji mtu mikono ikiwa bila kazi. Alikuwa akisokota kamba ya kikapu juu ya paja lake. Akanitazama.

“Mama, kamba ya kubeba viazi tuko nasokota. Sufu ya kufunika mutoto tuliihurumia ya nini?”

“Kusudi ibaki laini.”

“Laini ya kuangusha mutu!”

Nikacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Tukaleta sufu, tukasokota, nyuzi mbili pamoja. Blanketi likawa jembamba, likachukua siku nyingi, halikuwa tena na uzuri wa kushangaza. Lakini wamama wawili walilivuta huku na huku hadi wakaanguka wao. Tukayaomba ya zamani yarudi, tukayafumua na kuyasokota upya. Lile lililokanyagwa halikufumuka. Mwenyewe amelifanya la kukalia. Na sasa tunamwambia kila mtu: lioshe kwa maji baridi, lianike juu ya majani bila kulitundika, na mtoto abebwe kwa kitenge.

Nawashukuru mlionilalamikia usoni, maana mlinisaidia kuliko walionisifu. Namshukuru mwenzangu na paja lake. Nanyi mnaosaidia watu, msiogope kazi ndefu ya kusokota. Wema unaoachia ukivutwa unaweza kumwangusha uliyetaka kumfunika.

Juzi mkamwana wangu alikuja, akaniwekea mtoto mgongoni mwenyewe, akafunga kitenge. “Mama, ukae naye,” akasema, “niende soko.” Akaenda bila kugeuka nyuma.

Wasingya, asante, Bwana. Wasingya, ndugu zangu.