Somo la Kaviha Mwarandu Lililokatizwa Mara Kumi na Moja

Mchungaji, wazee wetu, mashemeji, majirani wa Chaani na nyote mlioacha shughuli zenu, poleni na tumepoa. Mimi ni Kombe Mwarandu, mdogo wake marehemu, na nasoma historia hii kwa sababu marehemu mwenyewe aliandika jina langu, bila kutoa sababu, katika daftari alilomwachia mkewe Velma, akaagiza pia kwamba somo lake lisomwe hapa mpaka mwisho, maana msibani haondoki mtu kabla ya chakula. Sufuria naziona bado zimefunikwa, kwa hiyo tukae.

Marehemu Kaviha Mwarandu alizaliwa tarehe 9 Juni 1959 huko Kaloleni, kifungua mimba wa Mzee Mwarandu, akaanza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1966, akamaliza sekondari mwaka 1978, kisha akasomea kazi ya maabara, na tangu Februari 1983 hadi kustaafu kwake mwaka 2019 alipima damu katika zahanati moja hapa Chaani, ambako wengi wenu aliwadunga kidole, na wengine mlilia hali mna ndevu. Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yangu Velma, wakajaliwa Winfred mwaka 1988 na Kai mwaka 1991.

Mwaka 2009 alipelekwa semina Nairobi, akaturudia na nanoteknolojia, yaani ufundi wa kutengeneza vitu vidogo mno, vinavyopimwa kwa nanomita, na nanomita ni kipande kimoja cha mita ukiikata vipande bilioni, unywele mmoja una upana wa kama nanomita elfu themanini, na kucha hurefuka takriban nanomita moja kila sekunde, maana yake tangu niinuke hapa kucha zenu zimeota zaidi ya nanomita mia moja na hakuna aliyehisi kitu.

Somo hili alilianza mara kumi na moja, na mara zote alikatizwa, kwenye baraza ya chifu, kwenye chai ya kanisa, hata kwenye harusi ya Winfred, tarehe 11 Agosti 2012, ambapo aliyezima kipaza sauti ni mimi. Karibu kila mara alifika pale pale, kwamba kitu kikiwa kidogo kiasi hicho hubadili tabia, ndiyo maana siku hizi kuna nguo zinazokataa maji, machujio yanayozuia vijidudu, na dawa zinazopelekwa kwenye uvimbe wenyewe, na dhahabu nayo huacha umanjano ikawa nyekundu, na ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha malaria, na kwenye kile kingine ambacho mabinti hukificha bafuni, mara nyingi ni dhahabu hasa, ya sonara.

Mwaka 2014 nilimsikiliza mpaka hapo kwenye dhahabu, nikaondoka mbio. Kwa miezi mitano nilikusanya vipimo vilivyotumika, gunia zima, nikavichemsha katika sufuria ya mke wangu Mapenzi, ambaye alirudi kwao Rabai wiki tatu, na ule mchuzi nikampelekea sonara Bwana Yeslam wa Mkomani, yule pale nyuma, ambaye namwomba asianze tena kucheka. Alinikaribisha kwa heshima zote, akanipa kahawa, akaniambia wallahi humo hamtoki hata hereni ya siafu. Kaka yangu hakunicheka, aliniambia tu kwamba hayo yalikuwa katika ukurasa uliofuata.

Kisukari kilimshika mwaka 2016, figo zikachoka, akalazwa tarehe 11 Februari 2025, na wodini akamwanzia daktari somo, mara ya kumi, wakafika kwenye dhahabu, daktari akaitwa kwa mgonjwa mwingine. Mara ya kumi na moja ilikuwa kwangu, Jumamosi tarehe 1 Machi, alipofungua daftari nikamwambia nina haraka, nitakuja kesho, na Jumapili asubuhi akatuaga. Jambo hilo linaniuma, na nalisema mbele yenu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa zahanati, majirani mlioleta viti na kuni, na Bwana Yeslam kwa kunyamaza miaka yote hii mpaka leo nilipojitaja mwenyewe.

Sasa ukurasa wa mwisho, ambao nami ndio naufungua leo, kama alivyouandika. Anasema dhahabu ya kipimo kimoja ni kidogo mno, gunia zima la vipimo halitoi pete, lakini inatosha kumwambia mama kwamba mwanawe ana malaria, naye akawahi dawa, na hiyo ndiyo kazi yake, na somo limeisha. Chini yake ameongeza kwa kalamu nyekundu, kwamba amenifanya mimi Kombe msomaji kwa sababu msomaji ndiye mtu pekee asiyeweza kuondoka.

Niko hapa, kaka. Nimelisikia lote. Pumzika kwa amani, leo sina haraka.