Maneno ya Kwenye Simu ya Edson

Simu ya Edson ilisikilizwa na polisi bila kibali cha hakimu. Mchimbaji huyu wa Nyarugusu alimsajilia laini kwa kidole chake mwenzake asiye na kitambulisho, naye mwenzake akaitumia kuuzia dhahabu ya magendo.

Mkewe, Paskazia, alikuwa kwenye basi la Geita redio iliposoma habari za muswada wa kuzuia usikilizaji huo.

“Sheria ya wezi hiyo,” akasema mzee wa kiti cha pili. “Mimi wanisikilize tu. Wataambulia habari za ng'ombe.”

Abiria wakacheka. Ndani ya basi hakuna mtu mwenye siri.

“Shikamoo, baba,” akasema Paskazia. “Mimi nilimwambia mume wangu kwenye simu kwamba nimeweka kijiti, tusizae kwanza. Mpelelezi alipokuja kupekua nyumba, akayasoma maneno hayo mbele ya mama mkwe.”

“Marahaba. Sasa ungemficha mama mkwe mpaka lini?”

“Mpaka nitake mwenyewe!”

Basi likasimama stendi. Paskazia akashuka na chakula cha mahabusu. Mume yuko ndani, nafasi yake kwenye duara, shimo la dhahabu, kapewa mwingine, na mama mkwe amekwisha kumrudisha mkamwana kwao.