Daraja Tunaloomba Lisiandikwe Bado

Mheshimiwa Kamishna wa Mipango wa Jimbo. Ter wetu, chifu na mlinzi wa ardhi ya Mbaikor. Bi Doosuur Igbawua, ambaye kwa ajili yako tumekusanyika. Ndugu wageni waalikwa, nanyi wananchi mliosimama kwa kukosa viti: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima ya cheo chake.

Mimi ni Iorliam Ukeyima, mwandishi wa barua za maombi za kijiji hiki. Nimepewa dhamana ya kumuaga Bi Doosuur, anayestaafu ukatibu wa bajeti ya jimbo.

Je, ni nani hapa asiyelikumbuka daraja letu la mto Amua? Kila mwaka liliandikwa kwenye bajeti, na kila msimu wa mvua tuliuvuka mto huo kwa kujitosa majini. Kanisa lilipojitolea kutujengea daraja la waenda kwa miguu, serikali ilikataa, kwa hoja kwamba daraja la mahali hapo lilikwisha kutengewa fedha. Hivyo daraja lisilokuwepo likalizuia lile ambalo lingekuwepo.

Ndipo Bi Doosuur alipoamua kwamba bajeti isipelekwe bungeni kabla ya kusomwa vijijini, kwa Kitivi, lugha yetu, mbele ya watu wenyewe. Katika kikao cha kwanza alisimama Mama Nguveren, muuza samaki.

“Bi mkubwa, tufute humo.”

“Mama, wenzako wananililia niwaingize, wewe wataka kutolewa?”

“Mwanangu, tumeingizwa tangu nina meno yote. Hebu tutoe, tuone!”

Watu walicheka, Bi Doosuur hakucheka. Alisema waziwazi, “Fedha ya daraja lenu haipo,” akatufuta. Kabla ya mvua kurudi, kanisa lilikuwa limejenga. Tulianza kumwamini siku ile, kwa kuwa hakuna ofisa aliyepata kutwambia neno kama hilo.

Mheshimiwa Kamishna, asubuhi hii umetangaza kwamba, kwa heshima yake, daraja la magari litaingizwa kwenye bajeti ijayo. Tulipiga makofi, maana adabu tunayo. Lakini nyuma yangu mzee mmoja alinong’ona, “Haya, lile la karatasi limerudi.”

Kwa unyenyekevu, basi, naomba usituandike bado. Baada ya mavuno ya viazi vikuu tutakuwa na kikao chetu. Njoo wewe mwenyewe, ukae mbele ya Mama Nguveren, utwambie kama fedha ipo au haipo. Ikiwepo, tutafyeka njia ya magari kwa mikono yetu, bila malipo. Isipokuwepo, sema hivyo hivyo, nasi tutakuamini.

Bi Doosuur, tunakutakia ustaafu mwema. Nawashukuruni nyote kwa kunisikiliza.