Jumatatu Ambayo Daraja Halikutajwa: Kumuaga Bi Itto Uhaddu

Ifikapo tarehe 30 Juni, Bi Itto Uhaddu atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na miezi minne katika Redio ya Bonde, na siku hiyo hiyo atastaafu. Hesabu hii imelinganishwa na jalada lake la ajira. Mwenyewe anadai alianza kazi wiki mbili kabla jalada halijafunguliwa, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Aliajiriwa kupokea simu. Mwezi wake wa pili, theluji ilimzuia mtangazaji wa zamu mlimani, Bi Itto akaketi kwenye maikrofoni na kusoma matangazo ya mifugo iliyopotea. Hakuinuka tena. Miaka yote hiyo alikataa kutangaza mbuzi mpaka mwenye mbuzi aeleze masikio ya mnyama huyo yalivyo. "Mbuzi mweusi kila mtu anaye," alikuwa akisema. "Nipe masikio." Kinasa sauti chake alikivalisha soksi ya sufu kisipatwe na baridi. Wageni kutoka mji mkuu waliicheka soksi hiyo. Imedumu kuliko vinasa sauti vinne.

Wasikilizaji, hata hivyo, wanamjua zaidi kwa daraja la Aghbalu. Vijiji saba viko ng'ambo ya mto. Soko na shule ya sekondari viko huku. Mkandarasi alisimamisha nguzo mbili, akaondoka. Kila theluji ilipoyeyuka na mto kujaa, watu walilazimika kuzunguka kwa juu, mwendo wa saa nne, na watoto walikosa masomo mwezi mzima na zaidi. Basi kila Jumatatu, siku ya soko, kabla ya taarifa ya habari ya asubuhi, Bi Itto alisema: "Daraja la Aghbalu bado halijakamilika. Pitieni juu." Alilisema hilo Jumatatu mia moja themanini na sita, kwa mujibu wa daftari la matangazo. Hakuongeza neno.

Mkurugenzi wa sasa ameridhia yafuatayo yaandikwe. Mkurugenzi wa wakati ule, baada ya kupigiwa simu na ofisi ambayo hakuitaja, aliagiza tangazo hilo liondolewe. Likisikika tena, Bi Itto atafute kazi nyingine. Jumatatu iliyofuata halikusomwa.

Watu wa ng'ambo wanaiamini redio yao. Kama Itto hakusema halijakamilika, basi limekamilika. Watu wapatao arobaini walishuka moja kwa moja hadi mtoni, nyumbu wamebeba sufu na siagi, wakazikuta nguzo mbili zilezile. Wakazunguka. Walifika stesheni alasiri, soko limekwisha, wakafunga nyumbu kwenye uzio wetu.

Mzee Moha wa kijiji cha Tamalut ndiye aliyetangulia, akimwita Lalla, yaani Bibi, kama wamwitavyo watu wa ng'ambo. "Lalla Itto, umetuuza! Miaka mitatu unatuambia halipo, leo kimya. Mke wangu kavaa viatu vya harusi apite darajani!"

"Na siagi yangu imeyeyuka," alidakia Bi Tuda, jirani yake. "Sasa nimuuzie nani, nyumbu?"

Bi Itto angeweza kuwapa chai na kuwaomba radhi, yakaisha. Chai aliwapa. Kisha akavuta waya wa maikrofoni hadi uani na, badala ya muziki wa alasiri, akawaweka hewani. "Hawa ni watu wa ng'ambo," alisema. "Asubuhi nilinyamaza pale nilipopaswa kusema, nami nawaomba radhi. Sasa watasema wenyewe." Walisema kwa dakika ishirini na sita. Mkanda upo masijala. Nyumbu anasikika mara tatu.

Alisimamishwa kazi. Kila siku watu walileta mkate wa shayiri mapokezi, wakisema ni wa Itto, na wakiambiwa hayupo walijibu, "Tutasubiri." Walisubiri kwenye ngazi. Siku ya kumi na mbili alirudishwa kwa barua isiyotaja sababu. Jumatatu yake ya kwanza alisoma tangazo lake kama kawaida. Mwezi Juni mkandarasi alirudi, na Oktoba daraja lilikamilika. Mkurugenzi yule alihamishwa, naye pia tunamtakia heri.

Siku ya uzinduzi Bi Itto aliombwa ahutubie. Alikataa, akampa Bi Tuda maikrofoni. Bi Tuda alikanyaga zege kwa kishindo mara mbili, akauliza, "Linasikika?" Ripoti yote ilikuwa hiyo, sekunde tisa. Wengi wetu tunaiona kuwa ripoti bora iliyowahi kutoka stesheni hii.

Bi Itto anahamia Aghbalu, kwenye nyumba ya marehemu mama yake. Iko ng'ambo. Kutoka stesheni ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu, hata mto ukiwa umejaa, kwa hiyo hakuna mfanyakazi atakayekuwa na kisingizio.

Ahsante, Lalla Itto. Tunakuombea afya njema, na asubuhi za kulala mpaka jua litoke. Tutavuka kuja kukuona.